Sura ya Saba: Kwa Nini Gemu Moja Ilikuja kwenye CD Tatu?

Waliokulia kwenye PlayStation ya kwanza wana swali wanaloulizana mpaka leo: kwa nini Final Fantasy VII, gemu ya mwaka 1997, ilikuja kwenye CD tatu? Jibu la kijiweni ni kwamba gemu yenyewe ilikuwa kubwa: miji mingi, mapigano mengi, hadithi isiyokwisha. Jibu hilo linaingia akilini, lakini silo. Miji ile, ramani zile na mapigano yale yamerudiwa karibu yote katika kila CD. Ukitoa CD ya kwanza ukaweka ya pili, data ya miji, ramani na mapigano uliyoiweka ni karibu ile ile uliyoitoa. Kinachozitofautisha ni filamu, yaani vile vipande ambavyo mchezaji anaweka pedi chini na kutazama tu.

Hapo swali linazaa swali. Kama filamu zilipewa nafasi yote hiyo, mbona zikitazamwa leo kwenye runinga bapa zina chenga, nyuso zimekatika miraba miraba na moshi umevunjikavunjika? Waliozitengeneza hawakuwa wazembe. Kwa maoni yangu walikuwa miongoni mwa wahandisi wabahili na wabunifu kuliko wote wa kizazi chao. Ili kuwaelewa, lazima kwanza tupige hesabu waliyokutana nayo.

## Hesabu inayogoma

Maneno matatu yanatosha kuanzia. Picha ya kwenye skrini imeundwa na nukta ndogo za rangi, na nukta moja huitwa pikseli. Picha moja ya filamu, ile iliyosimama, huitwa fremu. Fremu zikifuatana haraka, jicho linaona mwendo. Baiti ni kipimo cha data: herufi moja ya kawaida, kwa mfano "a", huchukua baiti moja kwenye kompyuta.

Sasa chukua picha yenye upana wa pikseli 320 na urefu wa pikseli 240, ukubwa uliozoeleka katika gemu za wakati ule. Hizo ni pikseli 76,800. Kila pikseli ikipewa rangi kamili inahitaji baiti tatu: moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Fremu moja tu inakuwa baiti 230,400. Onyesha fremu 15 kwa sekunde, ambazo bado ni chache kuliko 24 za sinema, nawe umetumia karibu megabaiti tatu na nusu kwa sekunde moja. Sauti bado hujaigusa.

CD ilibeba megabaiti 650 hivi. Ukigawanya, unapata filamu ya dakika tatu na sekunde chache.

Wengi wakifika hapa husema tatizo lilikuwa nafasi. Nafasi ilikuwa tatizo, ndiyo, lakini jipu lenyewe lilikuwa kasi. Visoma CD vya mwanzo vilitoa kilobaiti 150 tu kwa sekunde. Kwa mwendo huo, zile dakika tatu za filamu zingechukua zaidi ya saa nzima kusomwa. Filamu ilidai zaidi ya mara ishirini ya kile ambacho CD iliweza kutoa, kwa hiyo hata ungempa mtengenezaji CD mia moja, shida yake isingepungua hata kidogo.

Kasi hiyo haikupangwa na watu wa gemu. Philips na Sony waliitengeneza CD kwa ajili ya muziki, ikaingia sokoni mwaka 1982. Muziki wake husomwa mara 44,100 kwa sekunde katika spika mbili, baiti mbili kila mara, jumla baiti 176,400 kwa sekunde. CD ya data huzunguka kwa mwendo ule ule, ila hutenga baiti za ziada za kusahihisha makosa ya usomaji. Muziki ukipoteza baiti moja sikio halijui. Programu ikipoteza baiti moja inaweza kuanguka. Ukishaondoa ulinzi huo na alama za kupangia data, kinachobaki ndicho hicho: kilobaiti 150.

Kilichohitajika, basi, ni kubana: kuiandika filamu ile ile kwa baiti chache sana, kisha kuifumua papo hapo inapochezwa. Programu yenye kanuni za kubana na kufumua huitwa kodeki. Kila studio kubwa ya miaka ya 1990 ilikuwa na yake, au iliinunua.

## Walioikwepa hesabu

Kulikuwa na njia za kukwepa. Dragon's Lair ya mwaka 1983, mashine ya sarafu iliyochorwa na kikosi cha Don Bluth, aliyewahi kuwa mchoraji wa Disney, ilionyesha katuni ya kiwango cha sinema miaka kumi kabla ya kompyuta za nyumbani kuthubutu. Siri yake ilikuwa LaserDisc, sahani ya upana wa sentimita 30 ambayo picha zake ziliandikwa kama mawimbi, sawasawa na runinga ya zamani. Hakukuwa na baiti za picha za kubana. Mashine iliirusha leza kutoka kipande kimoja cha katuni hadi kingine kulingana na jinsi mchezaji alivyosukuma kijiti, na leza ilipokuwa ikihama, skrini ilibaki tupu kwa muda.

Éric Chahi wa Ufaransa alikwepa kwa njia niipendayo zaidi. Katika Another World ya mwaka 1991 hakuhifadhi picha. Alihifadhi maelekezo ya kuichora: weka umbo la pembe kadhaa hapa, lipake rangi hii, lisogeze. Mashine ilichora kila fremu upya yenyewe, na gemu nzima yenye mwendo wa sinema ikaenea kwenye flopi.

Night Trap haikukwepa, ikaumia. Filamu yake ilipigwa mwaka 1987 kwa ajili ya mashine ya kampuni ya Hasbro iliyokusudiwa kutumia kanda za VHS. Mradi ule ulifutwa, na picha zikasubiri hadi mwaka 1992 zilipopelekwa kwenye Sega CD, mashine iliyoweza kuonyesha rangi 64 tu kwa wakati mmoja, zikichaguliwa kati ya 512. Uso wa mtu una vivuli vingi kuliko hivyo. Desemba 1993 gemu hiyo ikawa moja ya zilizojadiliwa katika Seneti ya Marekani kuhusu vurugu kwenye gemu, mjadala uliochangia kuzaliwa kwa mfumo wa kupanga gemu kwa umri mwaka 1994. Ukiitazama leo, cha kushangaza ni kwamba maseneta waliweza kuona chochote cha kulalamikia.

## Kukata kwa panga

Kabla ya werevu wowote, watengenezaji walikata kwa panga. Mapanga yao yalikuwa manne:

- Kupunguza dirisha. Ukipunguza upana nusu na urefu nusu, data inabaki robo.
- Kupunguza fremu, kutoka 24 au 30 kwa sekunde hadi 15, 12, hata 10.
- Kupunguza rangi. Badala ya baiti tatu kwa pikseli, unaandaa jedwali la rangi 256 na kila pikseli inabeba namba ya rangi tu, yaani baiti moja.
- Kuruka mistari. Katika Command & Conquer kwenye Windows, filamu ziliweza kuonyeshwa kwa kupishanisha mstari wa picha na mstari mweusi, ili kompyuta ichore nusu tu ya skrini.

Piga hesabu ya mapanga mawili ya kwanza kwa pamoja: dirisha robo, fremu kutoka 30 hadi 10. Umebaki na sehemu moja ya kumi na mbili ya data, na umebaki pia na filamu ya ukubwa wa stempu inayokwenda kwa kushtukashtuka.

Waliotoka salama kwenye eneo hili ni ndugu Rand na Robyn Miller, waliotengeneza Myst ya mwaka 1993. Walijua hawawezi kujaza skrini kwa video, kwa hiyo hawakujaribu. Skrini nzima ni picha iliyosimama, nzuri ya kutosha kuning'inizwa ukutani, na video ni kidirisha kidogo ndani yake. Ndugu wawili wa kwenye hadithi, Sirrus na Achenar, wamefungiwa ndani ya vitabu na unawaona kupitia kidirisha kilichomo kwenye ukurasa. Mwanzoni wanaonekana kwa chenga na sauti iliyokatikakatika. Kila unapowaletea ukurasa uliopotea, picha inatakata. Udhaifu wa video umegeuzwa kuwa sehemu ya fumbo. Mchezaji halalamiki kwamba picha ni mbaya. Anahangaika kutafuta kurasa ili iwe nzuri.

Kwa ufupi: kupunguza ukubwa, fremu na rangi ni hatua ya kwanza, na peke yake haitoshi. Kufikia kilobaiti 150 kwa sekunde kwa picha ya kuridhisha kulihitaji kanuni inayojua kipi kitupwe.

## Fundi mwenye sampuli 256

Video za Myst zilibanwa kwa kodeki iitwayo Cinepak. Aliyeibuni ni Peter Barrett wa kampuni ya SuperMac, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Apple wakaiingiza katika QuickTime, mfumo wao wa kucheza video kwenye kompyuta. Ilienea kuliko zote: Macintosh, Windows, 3DO, Sega CD, Sega Saturn. Lengo lilikuwa kuonyesha picha ya 320 kwa 240, fremu 12 kwa sekunde, kutoka kwenye CD ya kilobaiti 150. Ilifika vipi?

Mfikirie fundi wa vigae anayepewa kazi ya kuiga picha kubwa ukutani, ila ameruhusiwa kuagiza aina 256 tu za vigae. Kabla ya kuanza anaichunguza picha nzima na kuchagua aina zitakazomfaa zaidi. Akishaamua, hahitaji tena kueleza kigae: kwa kila nafasi ya ukuta anaandika namba yake tu. Namba ya 0 hadi 255 huenea kwenye baiti moja.

Cinepak ilifanya hivyo hivyo. Iliikata fremu katika miraba ya pikseli nne kwa nne. Kila mraba, wenye pikseli 16, ungehitaji baiti 48 kwa rangi kamili. Cinepak iliandaa orodha za vipande vidogo vya pikseli mbili kwa mbili, kila orodha ikiwa na vipande hadi 256. Mraba ambao hauna mambo mengi, kama anga au ukuta, ulipewa namba moja: kipande kimoja kilichokuzwa kuujaza mraba wote. Mraba wenye mambo mengi, kama jicho au ukingo wa mlango, ulipewa namba nne. Baiti 48 zikawa moja au nne.

Sasa rudi kwenye hesabu, maana hapa ndipo utamu ulipo. Picha ya 320 kwa 240 ina miraba 4,800. Kilobaiti 150 kwa sekunde zikigawanywa kwa fremu 12 ni baiti 12,800 kwa fremu. Ukiupa kila mraba namba nne, unahitaji baiti 19,200: hazienei. Ukiipa yote namba moja, unahitaji 4,800: zinaenea, ila picha yote ni ukungu. Kati ya 4,800 na 12,800, baada ya kutoa sehemu ya sauti na ya orodha zenyewe, ndimo kazi yote ya kubana ilimofanyika. Programu ililazimika kuamua, fremu baada ya fremu, nani apate macho makali na nani aishi na ukungu. Ukiona uso wa mhusika umetulia huku majani nyuma yake yamekuwa matope, umeuona uamuzi huo.

Kipande chenyewe nacho kilibanwa. Jicho la binadamu ni kali kwenye mwanga na kivuli, zembe kwenye rangi. Kwa hiyo kila kipande cha pikseli nne kilibeba vipimo vinne vya mwanga lakini viwili tu vya rangi, vilivyogawanywa na pikseli zote nne. Baiti 12 zikawa sita, na watazamaji hawakugundua. Karibu kila kodeki iliyofuata mpaka leo inautumia udhaifu huo wa jicho.

Lakini sifa kubwa ya njia hii iko mahali watu wasipopaangalia. Kuchagua zile aina 256 ni kazi nzito. Kompyuta ya studio iliachwa usiku kucha ikilinganisha mamilioni ya vipande. Kufumua, kinyume chake, ni kazi ya mtoto: soma namba, tafuta kwenye orodha, bandika. Hakuna kuzidisha wala kugawanya. Kompyuta za nyumbani za wakati ule, zenye prosesa ambayo simu ya bei nafuu ya leo ingeicheka, ziliweza kuifanya kazi hiyo huku zikisoma CD na kupiga sauti. Filamu inabanwa mara moja na kufumuliwa mamilioni ya mara, kwa hiyo mzigo wote ukatupwa kwa anayebana.

Wengine waliikarabati kanuni hiyo kwa namna yao. Graeme Devine wa studio ya Trilobyte alitumia jamaa yake katika The 7th Guest ya mwaka 1993, nyumba ya mizimu iliyokuja kwenye CD mbili na kuwashawishi watu wengi kununua kisoma CD chao cha kwanza. Baadaye akatengeneza RoQ, iliyotumika katika The 11th Hour mwaka 1995, na alipohamia id Software ikaenda naye hadi Quake III Arena ya mwaka 1999. Westwood, waliotengeneza Command & Conquer mwaka 1995, walikuwa na yao iliyoitwa VQA. Shida yao ilikuwa orodha ya vipande: ni nzito, na ukiituma yote kwa mkupuo, fremu hiyo moja inameza kasi ya CD na filamu inagota. Wakaikata orodha mpya katika sehemu nane, wakaambatanisha sehemu moja kwenye kila fremu. Wewe ukiwa unamtazama Kane, mhusika wa gemu hiyo, akitoa amri zake, chini chini orodha ya sekunde inayofuata ilikuwa ikiingia kidogo kidogo. Fremu ya nane ikipita, orodha ya zamani inatupwa na mpya inashika kazi.

## Kisichobadilika hakitumwi

Mtangazaji wa habari anaposoma taarifa, fremu hii na inayofuata zinatofautiana midomo na kope tu. Meza, ukuta na koti havijabadilika. Ya nini kuvituma tena?

Karibu kodeki zote za wakati huo zilijua kusema "mraba huu uache ulivyo". Iliyojengwa juu ya wazo hilo kuliko nyingine ni Smacker, kazi ya Jeff Roberts wa kampuni ya RAD Game Tools, iliyotoka mwaka 1994. Kila mraba wa pikseli nne kwa nne ulipata moja ya hukumu chache: ubaki kama ulivyo, upakwe rangi moja, uchorwe kwa rangi mbili, au uandikwe kamili. Ilibaki kwenye jedwali la rangi 256, na hilo lilikuwa sawa, maana wateja wake walikuwa watu wa gemu za PC ambazo zenyewe zilikuwa na rangi 256. Diablo na StarCraft zilisimulia hadithi zao kwa Smacker, na orodha ya gemu zilizoitumia inapita elfu mbili. Mwaka 1999 kampuni hiyo hiyo ikatoa Bink, yenye rangi kamili, na kampuni yenyewe ikanunuliwa na Epic Games mwaka 2021.

Kuna kitu ambacho mbinu hii ilichukia: kamera halisi. Picha iliyochorwa na kompyuta ina ukuta ambao pikseli zake ni zile zile kutoka fremu hadi fremu. Picha ya kamera ina punje zinazocheza hata kama hakuna kilichosogea, na kwa programu kila punje ni badiliko. Ndiyo maana ushauri kwa waliopiga filamu za gemu ulikuwa ule ule kila mahali: weka kamera kwenye miguu mitatu, usiizungushe, nyuma ya mwigizaji pawe patupu. Wing Commander III ya mwaka 1994 iliwapiga waigizaji Mark Hamill na Malcolm McDowell mbele ya kitambaa cha kijani, kisha chombo cha anga kikachorwa na kompyuta nyuma yao. Ikaja kwenye CD nne. Iliyofuata, ya mwaka 1996, ilijenga seti za kweli na kutumia filamu ya sinema. CD zikawa sita. Phantasmagoria ya Roberta Williams, mwaka 1995, ilifika saba.

Njia hii ina gharama yake pia. Kama kila fremu inategemea iliyopita, kosa moja la usomaji linarithiwa na zote zinazofuata, mpaka ifike fremu iliyoandikwa nzima bila kutegemea nyingine, inayoitwa fremu ya msingi. Aliyewahi kutazama VCD, yaani filamu iliyowekwa kwenye CD ya kawaida, yenye mikwaruzo anaujua ugonjwa huu: miraba inaganda, uso wa mtu unabaki umening'inia hewani huku mwili umeshatoka chumbani, kisha ghafla picha yote inajirekebisha.

## Mbona hawakutumia MPEG?

Nimetaja VCD, na msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuuliza kwa haki: filamu za Kinaijeria na za Bongo za miaka ya 2000 zilienea kwenye CD zile zile za kawaida, saa nzima na zaidi kwa kila CD, na picha yake haikuwa mbaya. Watu wa gemu walishindwa nini?

VCD hutumia MPEG-1, kanuni iliyokamilishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa lengo lile lile: kuingiza filamu kwenye kasi ya CD. Ubora wake uliizidi Cinepak kwa mbali. Tatizo ni kwamba kuifumua kulihitaji hesabu nyingi, na kompyuta ya nyumbani ya mwaka 1993 haikuziweza bila kadi maalumu. Philips walilazimika kuiuzia mashine yao ya CD-i katriji ya ziada kwa kazi hiyo tu. Deki ya VCD iliyouzwa kwetu ilikuwa na chipu ya kufumulia ndani yake.

Sony waliliona hilo. PlayStation, iliyotoka Japani Desemba 1994, ilikuwa na sehemu ya kufumulia picha iliyoitwa MDEC. Haikuwa MPEG kamili; ilichukua nusu yake ya kwanza, ile ya kubana fremu moja moja, sawa na inavyobanwa picha ya JPEG kwenye simu. Badala ya kutafuta kigae kinachofanana, kanuni hii huchukua mraba wa pikseli nane kwa nane na kuueleza kama mchanganyiko wa mabadiliko ya polepole (kivuli kinachofifia shavuni) na ya harakaharaka (unywele mmoja mmoja). Kisha hupunguza au kutupa yale ya harakaharaka, kwa sababu jicho huyakosa kwa urahisi. Ikitupa kupita kiasi, mraba mmoja haulingani tena na jirani yake na mipaka inajitokeza. Hiyo ndiyo miraba ya Final Fantasy VII.

Kisoma CD cha PlayStation kilikwenda mara mbili ya vile vya mwanzo, kilobaiti 300 kwa sekunde. Kwa fremu 15, kila moja ilipata kilobaiti 20 ukijumlisha na sauti. Kwa kuwa MDEC haikujua kusema "acha kama ulivyo", kila fremu ililipiwa upya, hata kama mhusika alisimama tu akitafakari. Dakika moja ikala karibu megabaiti 18. Zidisha, nawe utaona CD tatu zilikotoka.

Runinga ya wakati ule nayo ilisaidia. Kioo cha chogo na waya wa antena vilitia ukungu kidogo kwenye kila ukingo, na mipaka ya miraba ikayeyuka humo. Runinga bapa haina huruma hiyo: inaikuza picha ya pikseli 320 hadi 1,920 na kuonyesha kila mshono.

Sega Saturn haikuwa na chipu kama ile. Gemu zake ziliendelea kutegemea programu, yaani Cinepak au mshindani wake tutakayekutana naye hivi punde, na tofauti ilionekana kwa macho.

## Katriji: kesi iliyopinduka

Nilisema jipu lilikuwa kasi. Kuna kesi moja ambapo mambo yaligeuka. Nintendo 64 ilitumia katriji, na katriji husomwa haraka sana, ila nafasi yake ni finyu. Resident Evil 2 ilikuwa imetoka PlayStation kwenye CD mbili. Mwaka 1999 Angel Studios wa California waliiingiza, na filamu zake, kwenye katriji ya megabaiti 64.

Hawakuwa na MDEC. Waliandika programu ya kufumua iliyoendeshwa na prosesa ya michoro ya mashine, ile ambayo kawaida ilishughulika na maumbo na sauti. Wakapunguza ukubwa wa picha na kuikuza wakati wa kuonyesha. Wakapunguza rangi kuliko mwanga, kwa sababu tunayoijua tayari. Kisha wakaacha baadhi ya fremu kabisa na kuiagiza mashine ibuni zile za katikati kwa kuchanganya iliyotangulia na iliyofuata. Matokeo yana ukungu, sauti imefifia, na kila mtu wa Nintendo 64 aliyeiona alishangaa imewezekanaje. Mimi bado naiweka juu ya kazi nyingi zenye picha safi zaidi.

## Kodeki ya gemu iliyofika YouTube

Final Fantasy VII ilipotolewa kwa kompyuta mwaka 1998, kompyuta hazikuwa na MDEC, kwa hiyo filamu zilibanwa upya kwa TrueMotion 2. Hii ilikuwa kazi ya Duck Corporation, kampuni ya New York iliyokuwa ikiwauzia watengenezaji wa gemu, wakiwemo wa Saturn, tangu katikati ya miaka ya 1990.

Soko la filamu za gemu lilipoanza kusinyaa, kwa sababu mashine zenyewe sasa ziliweza kuchora matukio papo hapo, kampuni hiyo ilibadili jina kuwa On2 na kuhamia intaneti, ambako tatizo la zamani lilikuwa limezaliwa upya: bomba jembamba, filamu nene. Mwaka 2001 waliiweka VP3 wazi itumiwe na yeyote, na kutoka humo ikatoka Theora. VP6 ikaingia katika Flash, iliyocheza video nyingi za mtandaoni katikati ya miaka ya 2000. Mwaka 2010 Google waliinunua On2 na kuiachia VP8 bure. VP9 ikafuata mwaka 2013, na sehemu kubwa ya kinachochezwa YouTube leo kimebanwa kwayo.

Kodeki nyingine za kizazi kile hazikupata urithi wa namna hiyo. Kampuni zilifungwa, maelezo ya kanuni hayakuchapishwa, na Windows mpya zikaacha kuzitambua. Zilizookolewa ziliokolewa na watu wa kujitolea katika FFmpeg, mradi ulioanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000. Mmoja wao, Mike Melanson, alitumia miaka akizifungua programu za gemu za zamani na kusoma amri zake moja moja mpaka kanuni ya kufumua ikajitokeza. Cinepak, VQA, RoQ, Smacker, MDEC na TrueMotion 2 zote zimo. VLC, programu ya kuchezea video, imejengwa juu ya kazi hiyo, kwa hiyo mwenye CD yake ya zamani ya Command & Conquer akishazitoa filamu kwenye mafaili makubwa ya gemu zilimofungashwa, anaweza kuzibofya zikacheza, orodha za vipande zikiingia kwa sehemu nane kama mwaka 1995.